Mtoto Aliyetoroka Mara Mbili

"Afande, samahani sana. Tunaomba utoke nje halafu uingie tena."

Inspekta Eunike Nnko alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mwingine bado barazani, akamtazama mtu aliyesema maneno hayo. Alikuwa mwanamume wa makamo, kofia kaigeuza kisogoni, na nyuma yake mpiga picha ameshika kamera begani.

"Nitoke niende wapi?"

"Hapo nje tu. Mwanga ulikupiga vibaya. Ukiingia mara ya pili simama kidogo, tazama huku na huku, kama mtu anayetafuta ushahidi."

"Wewe ni nani?"

"Fredi. Frederick. Direkta wa kipindi cha *Bila Fimbo*."

"Bwana Frederick, mtoto wa watu amepotea tangu jana jioni. Zima hicho kidude kabla sijakichukua kiwe kielelezo."

Ilikuwa asubuhi, ukungu wa Julai haujaachia paa za Kijenge, na tayari Eunike alikuwa amechoka mpaka basi. Nyumba ya Mohinder Singh ilikuwa imegeuzwa studio. Nyaya zimetambaa kila mahali, taa zimesimama jikoni, na meza ya chakula imejaa kompyuta na vikombe vya karatasi. Kipindi chenyewe nani asiyekijua? Familia yenye mtoto mtukutu inafungua mlango, mtaalamu wa malezi anaingia na tabasamu lake, siku chache baadaye mtoto anaomba radhi mbele ya kamera na nchi nzima inafuta machozi. Eunike alikuwa na watoto watatu nyumbani, na hakuwahi kuvumilia hata kipindi kimoja mpaka mwisho.

Safari hii mtukutu alikuwa Jasmeet, msichana wa miaka saba, mtoto pekee wa Mohinder na mkewe Kulwant. Shule mbili zilikuwa zimemshindwa. Aliwahi kumfungia mwalimu wa muziki chooni. Tangu jana jioni hakuna aliyemwona.

Mohinder alisimama karibu na friji. Alikuwa mtu mkubwa mwenye gereji ya malori kule Ngarenaro, kilemba chake cha buluu kimekaa upande kwa kukosa usingizi.

"Ana pumu, afande," alisema. "Baridi ya namna hii inambana kifua. Akibanwa bila pampu yake, tunakimbia naye hospitali. Mwaka jana tulikaribia kumpoteza."

"Pampu iko wapi?"

"Akiwa nyumbani inakaa hapa juu ya friji. Haipo. Ndicho kitu pekee kinachonipa moyo. Maana yake ameichukua."

"Na dada wa kazi?"

"Nanyori? Yuko mahabusu kwenu. Yeye ndiye alikuwa naye mwisho. Kamlea mtoto wangu tangu akiwa mchanga, halafu ananifanyia hivi!"

"Nani alisema ni yeye?"

Mohinder akamtupia jicho Frederick.

"Sisi hatukusema ni yeye," Frederick alidakia. "Tulisema tu kwamba alikuwa mkali sana juzi tukirekodi. Mzee akaunganisha mwenyewe."

Kulwant alikuwa ameketi kwenye kochi, mtandio umekaa sawasawa, kipaza sauti kidogo kimebanwa kifuani. Mkononi alikuwa na kikombe cha chai ya maziwa. "Jasmeet ni jasiri," alisema taratibu. "Atarudi tu." Akanywa chai yake mpaka ikaisha, akaweka kikombe juu ya kisahani. Eunike alikiangalia kikombe kile kitupu, kisha akamwangalia mama mwenyewe.

"Nionyesheni hiyo picha ya jana, mliyosema mtoto anaonekana akitoka."

Frederick akafungua kompyuta. Pembeni yake alikaa Madam Hanna, mtaalamu wa malezi wa kipindi, mwanamke wa Dar aliyejifunga skafu mbili kwa ajili ya baridi ya Arusha. Kamera ilikuwa imefungwa juu ya baraza, ikitazama njia ya saruji inayokwenda getini.

"Mlinzi alikuwa wapi?"

"Tulimpa mapumziko," alijibu Frederick. "Redio yake inaharibu sauti."

"Mnampa mlinzi wa watu mapumziko nyie kama nani?"

Frederick akajifanya anatafuta kitufe.

Picha ikaanza. Jasmeet alitoka barazani akiwa na sweta la kijani na kandambili. Hakuwa na kitu mkononi. Akaifuata njia ya saruji hadi kwenye mlango mdogo wa geti, ambao ulikuwa wazi. Hapo akasimama. Akainamisha kichwa, akakaa hivyo kitambo, mikono imelala ubavuni. Kisha akainua kichwa, akatoka, wala hakukimbia.

"Umeona hapo?" Madam Hanna aliinua kidole. "Aibu hiyo. Mtoto anajua anafanya kosa, kwa hiyo anainamisha kichwa. Ni lugha ya mwili. Haya nimeyafundisha Dar, nimeyafundisha Dodoma."

"Arusha umeyafundisha?"

"Ndiyo nimeanza."

"Haya. Rudisha nyuma, Bwana Frederick." Eunike aliitazama tena, akavuta kiti. "Baba Jasmeet, kwenu mtoto anamwamkiaje mzee?"

"Anainama anagusa miguu yake."

"Huyu kagusa miguu ya mtu?"

Mohinder akainamia kioo. "Hapana. Mikono haikwenda popote. Kichwa tu."

"Kichwa tu. Na amesubiri." Eunike alipumua kwa nguvu. Yeye alikuwa Mmeru wa Kikatiti, lakini nusu ya darasa lake la shule ya msingi walikuwa watoto wa Kiarusha. "Huyu hana aibu yoyote. Anaamkia. Mtoto wa Kiarusha haropoki shikamoo kutoka mbali. Anampelekea mzee kichwa, mzee anakigusa, salamu imekwisha."

"Lakini Jasmeet ni Singh," alisema Frederick.

"Kalelewa na nani?"

Mohinder akainuka kutoka kwenye kioo. "Na Nanyori," alisema.

Madam Hanna alikuwa amebadilika rangi. "Hiyo... kwenye kipindi cha kwanza tuliiweka kama tatizo lake kubwa. Kwamba mtoto hasalimii wageni, anawainamia tu amenuna."

"Ebo!" Eunike alipiga meza, vikombe vya karatasi vikaruka. "Mtoto anawapelekea kichwa wageni wote wa nyumba hii kwa heshima zake, nyie mnamtangazia nchi nzima kwamba hana adabu? Hamkuweza kumuuliza mtu hata mmoja hapa mjini? Hata muuza ndizi hapo nje?"

Akajilazimisha kushusha sauti. Nje ya geti alikuwa amesimama mtu mzima, mwenye umri wa kupelekewa kichwa, na anayejua kukigusa. Huyo hakuwa Nanyori. Nanyori alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, na hakuna mtoto anayempelekea kichwa dada anayemwogesha kila siku.

"Afande!" Sauti ya Koplo Elihuruma ilitoka stoo. "Njoo uone hapa."

Stoo ilikuwa imejaa masanduku ya vifaa vya tivii. Nyuma ya sanduku la nyaya, Elihuruma alikuwa amevuta begi dogo la pinki. Eunike akalifungua. Ndani kulikuwa na pajama zilizokunjwa kama za dukani, soksi zimeviringishwa pea kwa pea, mswaki ndani ya kimfuko chake, na sweta zito. Akafungua mfuko wa pembeni. Pampu ya pumu ilikuwa humo.

Wote wawili wakaitazama.

"Kwa hiyo hana," Elihuruma alinong'ona.

"Hana. Kalala huko aliko bila pampu."

"Basi alijifungia begi atoroke, akalisahau."

"Koplo, una watoto?"

"Bado, afande."

"Ukiwapata utaacha kusema mambo ya ajabu. Mtoto wa miaka saba akijifungia begi la kutoroka utakuta biskuti na mdoli. Mswaki hataukumbuka, na soksi hawezi kuziviringisha hivi. Hili kafunga mtu mzima." Eunike akaitia pampu mfukoni mwa koti. "Nguo za nyumba hii anakunja nani?"

"Nilimuuliza baba mwenye nyumba. Anasema dada wa kazi."

Basi mambo yakarudi palepale kwa Nanyori. Eunike akamwambia Frederick amrushie ile picha kwenye simu, akabeba begi ndani ya mfuko mweusi ili lisionekane, akatoka. Mpiga picha alikuwa amewatangulia nje na anawarekodi wakiingia kwenye gari. Eunike alimwonyesha kidole tu, naye akaishusha kamera.

*

Nanyori aliletwa chumba cha mahojiano akiwa peku, macho yamevimba.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kaa. Hili begi unalijua?"

"La Jasmeet." Alilivuta, akalifungua, akaingiza mkono. "Nani kalifunga?"

"Mimi ndiye ninayeuliza."

"Si mimi. Mimi soksi naingiza moja ndani ya nyingine, basi. Huku kuviringisha ni kwa mama Jasmeet. Alisoma shule ya bweni." Akaanza kugeuza mifuko ya begi kwa haraka. "Pampu iko wapi? Ikiwekwa begini inakaa hapa. Afande, pampu iko wapi?"

Eunike aliitoa mfukoni, akaiweka mezani.

Nanyori alisimama, kiti kikaanguka. "Hana pampu? Jasmeet hana pampu? Tangu jana? Afande, mtoto atakufa! Akitoka, mimi naifunga kamba, namvalisha shingoni. Mama hataki, anasema inaonekana vibaya, anaiweka kwenye begi, kila siku tunagombana kwa hilo. Nitoeni humu nikamtafute! Jamani, mnaniweka humu nihesabu matofali ya ukuta na mtoto hana pampu!"

"Kaa chini, Nanyori."

"Sikai!"

Eunike hakumlazimisha. Alikuwa amekaa mbele ya mama mzazi asubuhi hiyo hiyo, na mama mzazi alikuwa amemaliza chai.

"Sikiliza. Jana jioni wewe ulikuwa wapi?"

"Mama alinituma sokoni nikanunue binzari. Binzari iko nyumbani, kopo zima! Nikamwambia, akasema nenda tu."

"Jasmeet alipotoka getini alimpelekea mtu kichwa. Mzee wa Kiarusha. Anamjua nani?"

"Hamjui mtu. Nyumbani kwetu hajawahi kufika. Mama yangu alishafariki." Nanyori akatulia, akajifuta pua kwa kiganja. "Labda yule bibi wa Jumapili."

"Bibi yupi?"

"Fredi alikuja naye kwenye gari. Nilimwamkia, Jasmeet naye akampelekea kichwa. Bibi akafurahi, akamshika mashavu. Anaitwa Koko Silantoi, yaani Bibi Silantoi. Fredi akaniambia ni muuza maziwa. Maziwa gani hayo? Hakuwa na hata galoni."

"Anaishi wapi?"

"Hakuniambia. Kwa jinsi anavyoongea ni wa kule juu, upande wa Ngaramtoni. Lakini kule maboma ni mengi, afande."

"Fredi anajua."

"Fredi anajua. Na mama anajua. Alisimama barazani akamwangalia mtoto wake akishikwa mashavu."

Kikulacho ki nguoni mwako. Eunike alikuwa ameshafika mlangoni.

Elihuruma aliendesha kwa fujo, honi mkononi. Eunike alikaa pembeni yake akiitazama ile picha kwenye simu, mara ya kwanza, mara ya pili, halafu akaigandisha mahali ambapo Jasmeet ndiyo kwanza anatoka barazani.

"Koplo, jana ilinyesha?"

"Manyunyu, alasiri."

"Tazama njia ya saruji. Usitazame sasa hivi, utatugonga! Kuna nyayo za tope. Ndogo, za kandambili. Zinatoka getini zinakuja nyumbani. Na huyu mtoto hapa ndiyo kwanza anatoka, kandambili safi kabisa."

"Labda alikuwa anacheza nje."

"Kutoka shuleni kaletwa na gari la baba yake mpaka barazani. Tope liko nje ya geti. Huyu alishatoka, akarudi ndani, akafutwa kandambili, halafu akatoka tena." Akaizima simu. "Mtoto ametoroka mara mbili jioni moja. Uliona wapi mtu anatoroka, anarudi kufutwa miguu, halafu anatoroka upya?"

*

Eunike alimkuta Kulwant jikoni. Akafunga mlango, akanyoosha mkono.

"Nipe hicho kipaza sauti, Mama Jasmeet."

Kulwant akakibandua, akampa. Eunike alikitumbukiza kwenye birika la maji. Kisha akatoa pampu mfukoni, akaiweka juu ya meza kati yao.

Kulwant aliitazama. Kwanza alikunja uso kama mtu asiyeelewa, halafu mkono wake ukashika ukingo wa meza.

"Hiyo ni ya nani?"

"Mnazo mbili?"

"Hapana. Ni moja tu. Lakini... lakini anayo. Anayo begini. Niliiweka mwenyewe."

Maneno yalikuwa yameshatoka. Alijifunika mdomo kwa mtandio.

"Begi lilikuwa stoo," alisema Eunike. "Nyuma ya nyaya za hao wageni wako. Mtoto kaondoka mikono mitupu. Koko Silantoi anakaa wapi?"

"Sijui! Fredi ndiye anajua. Ilikuwa usiku mmoja tu! Hatua ya nne ya kipindi, mtoto alale mahali pa shida ajue thamani ya nyumbani, halafu leo Madam Hanna aende amkute, alie, aombe msamaha. Walisema nisimwambie mume wangu, angekataa. Walisema hasira za baba zikiwa za kweli ndiyo picha inanoga." Alishuka mpaka sakafuni. "Mawifi zangu wananicheka kila Jumapili hekaluni, gurdwara. Kila Jumapili! Eti sijui kulea. Nilitaka siku moja tu wamwone ametulia."

Mlango ulifunguliwa. Mohinder alikuwa amesimama pale, na uso wake ulionyesha kwamba alikuwa amesikia vya kutosha.

"Nimemfunga Nanyori," alisema. "Nimekwenda kwa miguu yangu mwenyewe nikamfunga Nanyori. Na wewe umekaa pale unaniangalia."

"Mtagombana baadaye," Eunike alimkatiza. "Fredi!"

Frederick aliletwa na Elihuruma, mkono umeshikwa juu ya kiwiko.

"Afande, naweza kueleza. Ni kitu cha kawaida kabisa kwenye kazi yetu."

"Eleza begi."

"Ile mara ya kwanza alitoka nalo. Bibi akampokea nje, fresh kabisa. Nikaiangalia picha, nikaona haina mashiko. Mtoto anatoroka na begi limejaa vile, limefungwa zipu? Watazamaji wangesema tumepanga."

"Mlikuwa mmepanga."

"Ndiyo, ila haitakiwi kuonekana. Tukamrudisha, tukamfuta tope, tukarudia bila begi. Tulipomaliza giza linaingia, gari ikaondoka. Begi nikajua ni nguo tu."

"Na polisi walipokuja? Binti wa watu alipopakiwa kwenye difenda? Hukuwa na mdomo?"

"Sisi hatukuwaita, afande. Mzee aliwaita. Tukaona..." Alirekebisha kofia yake. "Tukaona inaleta uhalisia."

"Uhalisia!" Eunike alicheka kicheko kikavu kisichokuwa na furaha hata chembe. "Mmewahi kuona mtoto aliyebanwa na pumu? Uhalisia huo mnaujua?"

"Mimi sikujua ana pumu! Mama alisema tu begi lisisahaulike. Na afande, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, sisi tulitaka tu..."

"Ukimaliza hiyo methali nitakupiga kofi, na kesi nitajibu. Umempigia huyo bibi leo?"

"Simu nimeiweka kimya. Tunarekodi."

"Itoe."

Frederick akaitoa. Kioo kilikuwa kimejaa simu ambazo hazikupokelewa, moja chini ya nyingine, zote jina moja: *Bibi Hatua Nne*. Ya kwanza ilipigwa usiku. Ya mwisho ilipigwa alfajiri. Baada ya hapo hakukuwa na kitu.

Kulwant alitoa mlio ambao Eunike hakupenda kuusikia tena. Mohinder alichukua ile simu akapiga mwenyewe, akaiweka sikioni. Haikupatikana.

"Nani anajua njia?" aliuliza Eunike.

"Mimi," alisema Frederick.

"Panda gari. Mbele. Na ole wako upotee."

*

Walipita Ngaramtoni honi inalia, wakaacha lami, wakapanda. Frederick alielekeza kwa kidole tu. Barabara ilikuwa ya mawe na tope, migomba pande zote, ukungu umekaa juu ya mashamba ya mahindi. Mohinder na mkewe walikuwa nyuma, kila mmoja amegeukia dirisha lake.

Boma lilikuwa la nyumba mbili za udongo, moshi unatoka kwenye paa la moja. Kabla gari halijasimama, mwanamke mzee alitoka akiwa amejifunga shuka, simu mkononi, akamvamia Frederick dirishani.

"We mtu! We mtu gani? Nakupigia usiku kucha mpaka simu imezima! Unaniletea mtoto mgonjwa halafu unazima masikio? Ulisema mzima! Ulisema asubuhi na mapema mnakuja!"

"Koko, yuko wapi?" Eunike alikuwa ameshashuka.

"Ndani. Nimemweka karibu na moto, baridi isimwue. Nimemtuma jirani akatafute pikipiki, hajarudi."

Karibu na moto. Eunike aliingia akiwa ameinama, macho yakajaa moshi papo hapo. Jasmeet alikuwa amekaa wima juu ya kigoda, amezungushiwa mablanketi, mikono imeshika magoti. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka, na kifua kinapiga filimbi. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Macho yalikuwa wazi, na hakuwa analia.

Eunike alimbeba na blanketi zake mpaka nje penye hewa, akapiga magoti kwenye tope, akamwekea pampu mdomoni. "Vuta. Vuta, mama. Hivyo. Tena." Mohinder alimshika kichwa kwa nyuma, akihesabu kwa Kipunjabi chini chini. Mara ya kwanza hakuna kilichoingia. Mara ya pili mtoto alikohoa. Mara ya nne ile filimbi ikashuka, na kidole kimoja kikashika ukosi wa koti la Eunike.

"Garini," alisema Eunike. "Hospitali. Koplo, kimbiza."

Koko Silantoi alipanda naye bila kuulizwa, bado anafoka. "Nilimuuliza, unaumwa? Anatikisa kichwa. Nikamwambia nipige kelele majirani waje? Akasema hapana, Koko, usisumbue watu. Usiku mzima! Mtoto gani huyu anakaa kimya na roho inatoka?"

Hospitalini walimwekea barakoa ya mvuke, wakamchoma sindano. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu asingekuwa na la kufanya, akaondoka kwenda kwa wagonjwa wengine. Frederick alibaki kwenye gari, amefungwa pingu, Elihuruma pembeni yake. Rangi iliporudi kwenye midomo ya mtoto, Eunike aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Wazazi walisimama upande wa pili.

"Jasmeet. Kifua kilipoanza kubana, mbona hukumwambia Koko?"

Mtoto aliivuta barakoa pembeni. Sauti ilikuwa nyembamba.

"Anti Hanna alisema mtoto mzuri hasumbui watu wazima. Alisema nikikaa usiku mmoja bila kusumbua, nimeshinda."

"Ungeshinda nini?"

"Wangezima kamera waende kwao." Alipumua mara mbili, akamgeukia Kulwant. "Sikusumbua hata kidogo. Mama, nimeshinda?"

Kulwant alisogea karibu. Akapiga magoti pale sakafuni, uso wake ukawa sawa na wa mtoto.

"Sumbua," alisema. "Nisumbue, mwanangu. Nisumbue mimi mpaka nichoke. Ukiona sikusikii, piga kelele."

Jasmeet alimchunguza kwa muda, kama mtu anayetafuta mtego umewekwa wapi. Halafu akaing'oa barakoa yote, akajaza kifua kwa hewa aliyokuwa ameipata kwa shida kiasi kile, akapiga ukelele uliomleta nesi mbio kutoka mwisho wa wodi.

"Namtaka Nanyori! Nanyori yuko wapi? Namtaka Nanyori sasa hivi!"

Nesi alisimama mlangoni. Kulwant alimtazama mumewe, mumewe akatazama sakafu. Eunike alitoa simu akapiga kituoni.

"Yule binti Nanyori. Mtoeni. Mpeni viatu vyake na chai."

"Nakwenda kumchukua mwenyewe," alisema Mohinder. Alikuwa ameshashika funguo za gari lake, aliloletewa hospitalini na fundi wa gereji yake.

"Utamwambia nini?"

Mohinder alifika mlangoni, akasimama na funguo mkononi. Nyuma yake mtoto wake aliendelea kupiga kelele, na hakuna mtu yeyote wodini aliyemwambia anyamaze.